Maji ya kuweka kwenye kompyuta: angalia chuma kwanza, rangi baadaye

Bandugu, watu wanaopoza kompyuta zao kwa maji yanayozungushwa na pampu wananiuliza sana "niweke maji gani kwenye masini yangu", na mimi kila mara narudisha swali: ndani ya masini kuna chuma gani? Sisi wa Lubumbashi shaba tunaijua tangu utoto. Bloku, kile kipande cha kupitisha maji kinachokaa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), karibu kila mara ni ya shaba, au shaba iliyopakwa nikeli. Shida iko kwenye radiatere, ile inayotoa joto la maji nje: kuna za shaba na kuna za aluminiamu, na ukikutanisha shaba na aluminiamu kwenye maji yasiyo na dawa ya kutu, aluminiamu inaliwa polepole mpaka inatoboka, njo maana mimi siuzi radiatere ya aluminiamu kwa mtu anayejenga mzunguko wake mwenyewe wa maji. Hakuna kopo la maji litakalokuokoa kwa miaka mingi kama vyuma vyenyewe vinagombana.

Kama vyote ni shaba, chukua maji ya distile, yale yasiyo na madini, kiisha ongeza dawa ya kuzuia kutu na kuua vijidudu. Ni hayo tu. Maji ya bomba hapana, yanaacha chokaa. Ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Kuna mama mmoja aliniambia kijana wake anayachemsha kwanza, nikamwambia mama, kuchemsha kunaua vijidudu lakini madini yanabaki palepale. Ukitaka kujua kama ulichouziwa ni safi, weka tone moja kwenye kipande cha kioo kisafi, liache likauke lenyewe. Likiacha alama nyeupe, usiyatie. Na kwenye garaje uwe makini sana, chupa inayoitwa "maji ya batri" inaweza kuwa ya distile, inaweza kuwa asidi, zinapangwa pamoja, soma karatasi ya chupa kabla hujalipa.

Antijeli ya gari je? Inapatikana kila kona, bei si mbaya, najua. Lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji yasigande, na huku hata baridi ya mwezi wa sita na wa saba haigandishi kitu ndani ya nyumba. Halafu inapunguza nguvu ya maji kubeba joto: kilo 1 ya maji inabeba kama kilojuli 4.2 kwa kila digrii, glikoli ya etileni yenyewe kama 2.4 tu. Tena ni sumu na ina utamu, kwa hiyo kama nyumbani kuna watoto au mbwa, usiache kopo chini hata dakika moja.

Yale maji ya rangi nzito kama maziwa, yanayong'aa kwenye video, mimi nayakataa kwa masini ya kazi. Rangi ile ni chembechembe zinazoelea, na hapa kwetu umeme ukikatika masini inalala, pampu imesimama, chembe zinashuka chini. Nilifungua bloku ya kijana mmoja anayefanya montaji ya video za harusi: zile njia nyembamba za shaba, nyembamba kuliko ukucha, zilikuwa zimezibwa na tope jeupe, ikabidi nisugue kwa mswaki laini, mstari kwa mstari. Alikuwa analalamika eti prosesa ni mbovu, kumbe prosesa haina kosa. Ukitaka uzuri, nunua mipira ya kupitisha maji yenye rangi, maji yenyewe yabaki bila rangi.

Dawa agiza ile nzito ya chupa ndogo ya kuchanganya mwenyewe, usiagize maji yaliyokwisha kuchanganywa, maana utalipa usafiri wa lita nzima za maji ambayo ungepata hapahapa. Fuata kipimo cha chupa, usizidishe. Na usiamini mtu anayekuambia maji fulani hayapitishi umeme: hata ya distile, yakizunguka kwenye vyuma yanaokota chembe na yanaanza kupitisha. Kwa hiyo pima kama mzunguko unavuja ukiwasha pampu peke yake, tishu zimewekwa chini ya kila kiungo, kadi mama (ile kadi kubwa inayobeba prosesa) isipate umeme kabisa.

Wenye zile seti za kupoza zilizofungwa kiwandani zikiwa na maji ndani, msizifungue. Nyingi zina radiatere ya aluminiamu na bloku ya shaba, dawa iliyomo ndiyo inazishikilia, ukiongeza maji matupu unaipunguza nguvu.

Kwa mzunguko wa kujijengea, badilisha maji kila mwaka, na yakigeuka rangi au yakitoa utelezi kabla ya hapo, usingoje.