Nimetolewa kizazi, je mayai yangu bado yapo?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, niko Kondoa. Mimba mbili zilitoka, ya tatu ikafika miezi tisa kizazi kikachanika, mtoto akafariki na mimi wakanitoa kizazi ili nipone. Mdogo wangu kasema atanibebea mimba, ila yeye hajazaa bado. Tangu operesheni sijaona siku zangu, si ndio mayai yameisha? Na mtoto si atakuwa na damu yake?

JIBU: Marhaba dada, pole sana, pole kwa wanao wote watatu. Mayai hayakai kwenye kizazi, yanakaa kwenye ovari, viungo viwili vilivyo pembeni ya kizazi, na kwenye operesheni ya dharura kama yako mara nyingi ovari zinaachwa. Siku zako zimekata kwa sababu damu ile ilikuwa inatoka kwenye kizazi, basi. Kaombe karatasi ya operesheni pale ulipofanyiwa, itasema ovari zilibaki au la, kama zipo upime damu kipimo cha AMH (kinaonyesha akiba ya mayai, na hakisubiri hedhi, kwa hiyo kinakufaa) na utrasaundi ya ukeni, wahesabu vifuko vya mayai. Mayai yanavunwa kwa sindano kupitia ukeni, kizazi hakihitajiki hapo. Ila usikae sana, miaka 35 ikipita yanapungua kwa kasi.

Kuhusu damu, hapana. Yai ni lako mbegu ni za mumeo, sura na damu ni zenu, mbebaji anampa chakula na hewa kupitia kondo la nyuma. Magonjwa ndio yanaweza kupita, kwa hiyo apimwe UKIMWI, homa ya ini na kaswende.

Muoneni wakili kabla ya kumpandikizia mbebaji mimba. Tanzania hatuna sheria mahususi ya kubebewa mimba, na tangazo la kizazi (karatasi ya kuzaliwa mtoto) hospitali huandikwa jina la aliyejifungua, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa mdogo wako, hapa naomba unisikilize kabisa. Asibebe kabla hajazaa wake. Hatujui mwili wake unaichukuliaje mimba, na likimpata lililokupata wewe atapoteza kizazi hana hata mtoto mmoja, naye mnampenda. Viinitete (mayai yako yakishaunganishwa na mbegu za mumeo) vikigandishwa havizeeki, kwa hiyo wewe vuna mayai sasa, yeye azae wake kwanza salama, na kama bado atakuwa na moyo huo akubebee baadaye.