Maswali ya Wasomaji: Komedi za Uingereza kwenye sebule za Wamarekani

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mi natokea Arusha ila kwa sasa naishi Dallas, Texas. Nina jirani mzee wa Kimarekani, mstaafu, anapenda komedi za Uingereza sijawahi kuona, juzi kanipa boksi zima la DVD kasema angalia ukimaliza wape na wenzako. Sasa nikiziweka kwenye deki yangu zinagoma, zinaandika kwamba hazikubaliki eneo hili. Kwake zinacheza vizuri tu. Anasema enzi za kanda za video alikuwa anaagiza mpaka London na zenyewe zilikuwa zinasumbua. Kwanini ateseke hivyo na Marekani kuna chaneli kibao?
*Msomaji, Dallas*

JIBU: Dada yangu, deki yako ni nzima kabisa. Wenye filamu waliigawa dunia kwa namba, Marekani ni 1, Uingereza ni 2, geuza kasha la DVD nyuma utaona kialama cha dunia na namba katikati. Deki iliyouzwa Marekani inasoma 1 basi. Jirani yako lazima ana ile deki inayosoma namba zote, zinauzwa, we tafuta hiyo na hakikisha pia inageuza picha ya PAL (mfumo wa TV wa Uingereza) kuwa ya NTSC (ule wa Marekani) maana usipoangalia hilo utanunua deki na bado TV ikukatalie. Usikimbilie kompyuta na kuanza kubadilisha namba hovyo, mashine nyingi zinakuruhusu kubadili mara 5 tu halafu inabaki hapohapo moja kwa moja.

Na hiyo PAL ndo iliyomsumbua mzee wakati wa kanda. TV ya Uingereza ilikuwa na mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ya Marekani mistari 525 na picha karibu 30, yote hiyo inatokana na umeme wao, wa Uingereza unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani 60. Kanda ya London ukiiweka kwenye deki ya Texas unaona michirizi tu. Sisi Tanzania na Kenya tulifuata PAL ndo maana kanda aliyorudi nayo mjomba kutoka Uingereza ilikuwa inacheza bila shida yoyote.

Sasa kwanini ateseke. Chaneli kibao ni kweli zipo lakini zile kubwa za biashara hazikuwa na nafasi ya hivi vitu. Kipindi cha nusu saa cha BBC kinakaribia nusu saa kweli kwa sababu BBC haina matangazo, chaneli ya Marekani kwenye nusu saa hiyohiyo inataka dakika kadhaa za kuuza sabuni na magari, kwa hiyo ama wakate ama wasirushe. Mwaka 1975 chaneli ya ABC walichukua vipindi vitatu vya Monty Python, lile kundi la wachekeshaji wa Uingereza, wakavibandika kuwa kimoja cha saa moja na nusu, wakatoa dakika 24 kati ya 90. Dakika 24! Mzaha unaandaliwa taratibu halafu pale pa kuchekea pamekatwa. Wenyewe Monty Python wakaenda mahakamani na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya huko New York ikawapa haki yao, na mi naona walifanya jambo la maana sana kwa kila mtu anayeandika au kuigiza.

Waliookoa jahazi ni vituo vya umma vile vya PBS, na hapa dada sikiliza vizuri kwa sababu ni hapohapo mjini kwako. Kituo cha KERA cha Dallas ndo cha kwanza Marekani nzima kurusha Monty Python's Flying Circus, mwaka 1974, mkuu wa vipindi pale alikuwa Ron Devillier, aliviona akavipenda akaamua viende hewani kama vilivyo. Watazamaji wakapokea kwa nguvu na vituo vya miji mingine vikafuata. Hivi vituo kila kimoja kinajipangia ratiba yake na vinaishi kwa michango ya watazamaji, kwa hiyo mtu akipenda kipindi anapiga simu, anatoa hela, wengine walikuwa wanajitolea kwenda kukaa studio kupokea simu za wachangiaji ili tu kipindi kiendelee. Ndo njia hiyo iliyowapa Wamarekani Are You Being Served?, halafu Keeping Up Appearances ya Patricia Routledge, halafu As Time Goes By ya Judi Dench na Geoffrey Palmer. Muulize jirani yako kama aliona kitu KERA wakati ule, huenda ana mengi ya kukusimulia.

Siku hizi mambo ni mepesi, BBC America ilianza 1998, BritBox ya mtandaoni ikaingia Marekani 2017, unalipia unaangalia. Ila vipindi vinatolewa na kurudishwa kwenye hizi huduma bila taarifa, kwa hiyo hilo boksi litunze.

SWALI: Nimemaliza Fawlty Towers, ile komedi ya hotelini, yote kwa siku mbili, eti vipindi 12 tu? Vingine viko wapi?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakuna vingine. Sita vilitoka 1975, sita 1979, basi. Viliandikwa na John Cleese (yule wa Monty Python) na Connie Booth wawili tu, na kila kimoja kimeshonwa kama kanzu ya harusi, hakuna uzi unaoning'inia. Marekani wanaweka waandishi chumba kizima na wanatoa vipindi ishirini na zaidi kwa mwaka. Angalia komedi ya The Office, ya Uingereza vipindi 14 ukihesabu na vile viwili vya Krismasi, ya Marekani 201. Mi nachukua 12 za Cleese na Booth.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nimezaliwa Columbus, Ohio, wazazi wangu ni wa Tanga, kwa hiyo ni Mmarekani kabisa. Napenda sana komedi za Uingereza, nilianza na Mr. Bean aliyokuwa anapenda mama. Nikialika marafiki kuangalia wanatoa simu zao, wananiambia wanaongea haraka, hawaelewi, mbona huyu jamaa hafanikiwi kitu chochote. Inaniuma. Nifanyeje?
*Msomaji, Columbus*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikate tamaa, na usiwalaumu.

Kwanza waambie kwamba hizi komedi hata wazazi wao walishazicheka bila kujua. All in the Family ya Marekani ilitoka kwenye Till Death Us Do Part ya Uingereza, Sanford and Son ilitoka kwa Steptoe and Son, Three's Company ilitoka kwa Man About the House. Na hiyo The Office wanayoikariri mstari kwa mstari, kipindi chake cha kwanza kabisa kimefuata kile cha Uingereza karibu hatua kwa hatua, waonyeshe vyote viwili usiku mmoja wajionee wenyewe. Ya Uingereza ilichukua Golden Globe mwaka 2004, kabla chaneli ya NBC ya Marekani hawajaanza ya kwao 2005.

Pili weka maandishi chini ya picha. Lafudhi sio kosa lao, na maneno yakionekana hata zile punchilaini za haraka wanazipata.

Kuhusu huyo jamaa asiyefanikiwa, hapo ndo penyewe. Komedi nyingi za Marekani zinataka mwisho mtu awe amejifunza kitu na wakumbatiane, za Uingereza zinamwacha mtu na kiburi chake mpaka kimwangushe, na wiki ijayo anaanza upya hajajifunza. Waambie hilo kabla hujawasha TV, neno moja tu, halafu nyamaza. Usisimamishe katikati kueleza mzaha, ukieleza umeuua.

Na uonyeshe kipindi kimoja tu kwa siku, usiwarundikie. Mi ningeanza na kile cha Fawlty Towers cha 1979 chenye mama mzee Bi Richards, haskii vizuri na kifaa chake cha masikioni anakizima eti anabana betri, huku Basil mwenye hoteli kashinda hela za kamari ya farasi anamficha mkewe. Hapo hakuna siasa ya Uingereza wala historia yao, ni hela, ndoa na mteja msumbufu, kila mtu duniani anaelewa.

Wakishanogewa nenda Blackadder lakini anzia msimu wa pili, wa 1986. Ule wa kwanza wa 1983 Rowan Atkinson, yuleyule Mr. Bean, anacheza mjinga na mtumishi wake Baldrick ndo mwenye akili, baadaye wakageuza na hapo ndo ikawaka moto kweli. Na kama kati yao kuna anayependa siasa huyo mpe Yes Minister peke yake, siku nyingine, akiwa hana haraka.