Tatuu inabanduka siku ya sita: inapona au inaoza?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nimechora tatuu mkononi, leo siku ya sita. Inawasha balaa, inatoa magamba yenye wino na mchoro umefifia. Rafiki yangu anasema inaoza, nifungue kapsuli nimwagie unga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kapsuli iache. Unga ule ukikutana na majimaji ya kidonda hugandamana kama saruji, na usaha ukitunga chini yake huuoni. Nimeshawakwangua watu wengi unga huo, na hakuna aliyefurahia.

Unachoeleza ni ngozi inayopona. Wino wa tatuu hukaa tabaka la chini. La juu lililotobolewa hufa na kubanduka, likiondoka na wino ulionasa humo. Ukungu unaouona ni ngozi mpya, utaisha. Juu hufunga kwa wiki mbili hadi tatu, chini huchukua miezi. Muwasho usiukune, pigapiga kwa kiganja. Na hewa yetu ya Dodoma ilivyo kavu, gamba hukakamaa na kupasuka, basi osha mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha, paka mafuta ya mgando kiduchu tu. Kwenye bodaboda vaa mikono mirefu, vumbi lile si rafiki.

Sasa, tatizo utalijuaje? Linganisha leo na jana. Maumivu na uvimbe wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Vikipungua halafu vikarudi, hapo shtuka. Mara nyingi watu huambiwa watazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tumia mgongo wa kiganja: gusa penye tatuu, kisha mkono wa pili. Joto na ugumu vikiwa vimetoka nje ya mchoro, zungushia kalamu ukingoni. Vikiuvuka mstari huo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona usaha mzito wenye harufu, homa, mtoki kwapani au mchirizi unaopanda mkono.

Vipele vigumu vikiota ndani ya mchoro wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ni tatuu. Huenda wino ulizimuliwa kwa maji ya bomba, na vijidudu vinavyotoka kwenye maji hayo havisikii dawa za kawaida. Rangi nyekundu nayo huleta mzio, hata baada ya miezi.

Hukuniambia habari ya sindano. Uliiona ikitolewa kwenye pakiti mpya? Kama hukuiona, dawa za kujikinga na VVU huanzwa ndani ya saa 72, na wewe umeshapitisha. Kapime VVU na homa ya ini B na C wiki hii, urudie baada ya miezi mitatu. Ukiwa huko, ulizia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda.