Vipele vya surua vimekauka, mbona mtoto anahema?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka miwili na hakupata chanjo ya surua. Wiki iliyopita aliugua, kisha homa ikapungua na vipele vikaanza kupukutika, tukashukuru. Tangu juzi anahema upesi, anaharisha, ana vidonda mdomoni, na akiamka macho yamegandana kwa tongotongo. Bibi yake anasema surua imerudi ndani, na anataka kumtia maji ya majani machoni ili itoke. Nikubali?
Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Nilikupigia simu siku ileile, kwa kuwa dalili hizo hazingojei gazeti. Haya nayaandika kwa ajili ya wazazi wengine walio na mtoto wa hali hiyo.

Bibi ameona jambo la kweli, kwamba ugonjwa umo ndani. Ila haukurudi, ulikuwamo tangu mwanzo: kabla kipele cha kwanza hakijatokea, virusi vilikwisha kusafiri kwa damu hadi kwenye utando laini wa koo, mapafu, matumbo na macho, na njiani vikaziua seli nyingi za kinga. Ndiyo maana hatari hukua wakati ngozi inapopona, kwani bakteria huukuta mwili hauna ulinzi, na nimonia, inayoua watoto wengi wa surua kuliko tatizo jingine lolote, huingia hapo. Mtoto akiwa ametulia, mfunue nguo uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wa binti yako, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno, na nyama ya chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta hewa, ondokeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Maji ya majani, hapana kabisa. Surua humaliza vitamini A mwilini, na vitamini hiyo ikipungua, kioo cha mbele cha jicho hukauka, hulainika na huweza kutoboka. Jicho la namna hiyo likitiwa kitu kisicho safi, mtoto anaweza kupofuka kwa siku chache. Hospitalini, mtoto wa umri huu hupewa vitamini A uniti 200,000, siku mbili mfululizo, na macho yakiwa yameathirika hupewa tena baada ya majuma kadhaa.

Ubongo nao huvimba kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000. Degedege, au usingizi ambao mtoto haamshiki, ndiyo dalili ya kuogopwa.

Akishapona, apelekwe kliniki apate chanjo ya surua na rubela, ambayo kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, maana kuugua surua hakumkingi na rubela.

Naye bibi asiachwe nyumbani. Mwende naye amsikie muuguzi kwa masikio yake. Mkirudi, kazi ya macho iwe yake: maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, na kila jicho kitambaa chake.