Fundi Mitambo Ndiye Anayeanza Kuwatangaza

Napiga gitaa la besi katika bendi ya roki mbadala ambayo haijasaini mkataba na lebo yoyote, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki. Vijana wanaoanza huniuliza wapateje wafuasi mtandaoni. Nami huwauliza: fundi mitambo wa ukumbi mliopiga juzi, yule anayesimamia sauti, anaitwa nani? Wengi hubaki wakitazamana.

Bendi isiyo na lebo haina mtu wa kuipigia debe. Jina lake huanza kutajwa na wale waliokuwa kazini usiku ule: fundi mitambo, mwenye ukumbi, na bendi zilizopanda jukwaani kabla na baada yenu. Ukumbi ukikosa bendi ya kufungua shoo, hao ndio wanaoulizwa.

Chukua mfano wa Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Januari 23, 1988, kabla hawajawa na lebo, waliingia studio ya Reciprocal Recording mjini Seattle wakarekodi nyimbo kumi kwa mchana mmoja, kwa gharama ya dola 152 na ushee. Fundi aliyewarekodi, Jack Endino, alivutiwa na kazi yao. Akatoa nakala ya kaseti na kumpelekea Jonathan Poneman wa lebo ya Sub Pop. Mwaka huohuo Sub Pop ikatoa singo yao ya kwanza, yaani wimbo unaouzwa peke yake kabla ya albamu.

Kwa hiyo mrahisishieni kazi fundi. Kabla ya siku ya shoo, mtumieni mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, nani anaimba, maiki ngapi zinahitajika. Ni ukurasa mmoja tu. Mkipewa nusu saa, andaeni nyimbo za dakika ishirini na tano, maana kutuni gitaa na waya unaokorofisha vitakula zilizobaki. Bendi inayopitiliza muda inakula muda wa wenzake, na wenzake hawasahau.

Halafu kuna suala la amplifaya, na hapa wapiga gitaa mtanichukia. Katika ukumbi mdogo, ngoma na gitaa husikika zenyewe moja kwa moja kutoka jukwaani; spika kubwa kazi yake hasa ni kubeba sauti ya mwimbaji. Ukifungua amplifaya mpaka mwisho, fundi hana kitufe cha kukupunguza. Atampandisha mwimbaji hadi maiki ianze kupiga mluzi, kisha atakata tamaa. Watu watarudi nyumbani hawajasikia hata neno moja la wimbo, nao watasema bendi ndiyo mbovu. Anzeni na mpiga ngoma, kwa kuwa yeye hana pa kupunguza ila mikononi, kisha wengine mjipime kwake.

Mkimaliza kupiga, msiondoke. Kaeni mwangalie bendi nyingine hadi mwisho, hata kama muziki wao si wa aina yenu. Shoo zetu nyingi nzuri tulizipata kwa njia hiyo: bendi fulani imekwama, mpiga ngoma wao akakumbuka kwamba tulibaki kuwasikiliza, akatutaja.

Simaanishi kwamba mtandao hauna kazi. Arctic Monkeys wa Uingereza mara nyingi hutajwa kama bendi iliyozaliwa na intaneti, lakini walikuwa wakigawa CD za bure kwenye shoo zao. Mashabiki waliokuwepo ndio walioziweka mtandaoni. Mwaka 2005 wakasaini na lebo ya Domino. Shabiki wa ukumbini alitangulia.

Kuhusu kurekodi: nyimbo tatu zilizopikwa vizuri zinatosha, na ulio bora kuliko zote uwe wa kwanza. Anayechagua bendi za tamasha ana rundo la kusikiliza na hatasubiri mpaka wa tatu. Msipige pia kila wiki katika eneo lilelile, maana watu watasema "nitakuja wiki ijayo", na hiyo wiki ijayo haifiki.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Andikeni mapema nani ametunga nini na mgao wa kila mmoja, mkiwa bado mnacheka pamoja. Lebo ikija siku moja, someni kwanza sehemu inayosema nani atamiliki rekodi zenu na kwa miaka mingapi, ndipo mtazame kiasi cha fedha za kutangulizia. Fedha hizo kwa kawaida lebo hujirudishia kutoka kwenye mapato yenu kabla hamjalipwa senti nyingine.