Mama ana dakika 95 Washington. Zinatosha?

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 68, anakaa Machame, na Desemba hii anakwenda Minneapolis kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hajawahi kupanda ndege. Tiketi ni moja: uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Addis Ababa, anasubiri saa mbili na nusu, kisha Washington, uwanja wa Dulles, ambako ana dakika 95, halafu Minneapolis. Kaka yangu aliyeko huko anasema zinatosha, maana mfumo wenyewe ndio uliouza. Mimi silali. Kiingereza hajui na magoti yanamsumbua. Nifanyeje?
Mtoto wa mwisho, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Badilisha kile kipande cha mwisho, cha Dulles hadi Minneapolis, na ufanye hivyo wiki hii.

Kaka yako hakukosea kuhusu mfumo. Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kuunganisha ndege, na tiketi moja haiuzwi chini ya hapo. Ila muda huo haukupimwa kwa magoti ya mama. Nimekata tiketi hapa Arusha miaka 19, na kabla ya kuhesabu dakika huwa nauliza kwanza: abiria ana kazi gani hapo katikati?

Addis kazi ni ndogo. Begi alilokabidhi KIA linahamishwa na wenyewe. Yeye anapita ukaguzi na kutafuta geti. Hata saa zao ni sawa na zetu, na Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Lakini tiketi haihesabu hivyo. Mwandikie pembeni kwa kalamu: 22:30 ni saa nne na nusu usiku.

Dulles ndiko kwenye kazi. Anayeingia Marekani kwa safari kama hii humaliza taratibu kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari yake inaishia kwingine. Mama atapanga foleni ya uhamiaji, atapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ataulizwa anakwenda kwa nani. Atachukua begi lake kwenye mkanda wa mabegi, apite nalo forodha, alikabidhi tena, kisha akaguliwe upya. Kijikaratasi cha begi kitakuwa na herufi MSP, yaani Minneapolis, na wengi wakiziona huliacha begi likizunguka wakidhani litajipeleka. Na geti hufungwa mapema, kwa hiyo 95 si 95. Zikitua ndege mbili tatu kwa pamoja, foleni peke yake inaweza kuzimaliza.

Mwombe wakala ndege ya baadaye, yenye kusubiri saa tatu au nne, ndani ya namba ile ile ya bukingi. Hapo ndipo mtu asikudanganye kwa tiketi ya pembeni ya bei poa. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika linawajibika kumpandisha inayofuata. Zikiwa mbili, hasara ni yako. Mwaka 2011 nilikwenda London kwenye harusi ya binti ya dada yangu: KIA hadi Nairobi tiketi yake, Nairobi hadi London tiketi nyingine. Ya kwanza ilichelewa. Kwa shirika la pili nilihesabika kuwa sikutokea, na safari ya kurudi, iliyokuwa kwenye tiketi hiyo hiyo, ikafutwa nayo. Vigelegele vya harusi nilivisikia kwa simu, nimekaa Nairobi.

Siku hiyo hiyo kwa wakala, omba kiti cha magurudumu kwa viwanja vyote. Kiombwe angalau saa 48 kabla; hakilipiwi. Najua mama zetu wa huku mlimani: atasema yeye hajalemaa. Mweleze kwamba anayesukuma kile kiti ndiye anayeijua njia, ndiye atakayemfikisha uhamiaji, kwenye mkanda wa mabegi na mpaka getini. Kwa mtu asiyejua lugha, huyo ni zaidi ya miguu.

Kingine, kwenye ukumbi wa uhamiaji Marekani simu haziruhusiwi, hivyo msitegemee kwamba kaka atatafsiri kwa simu. Mchapieni barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza: jina lake, kwamba anazungumza Kiswahili na anaomba mkalimani, anakwenda kwa mwanawe nani, anwani na simu yake, atakaa muda gani, namba za ndege zote. Ikae ndani ya pasipoti.

Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kama anabeba asali, iingie begi kubwa, maana kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzini. Chakula chochote akitaje forodhani, na nyama asibebe. Mfungie kipande cha kitenge kwenye mkono wa begi, cha kitambaa kile kile atakachovaa, ili anayemsukuma alijue likitokea kwenye mkanda.