Mteja anasema WordPress ni ya bure, nimdai vipi?

SWALI: Habari dada. Natengeneza websaiti hapa Morogoro, nimemjengea mteja mwenye gesti kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, tulipatana laki nane akanipa nusu. Sasa mtoto wake kamwambia hiyo programu ni ya bure eti hamna cha kumalizia, na kwenye mkataba nilisaini kwamba msimbo wote (maandishi ya programu) ni mali ya mteja peke yake. Alafu nasikia leseni ya GPL, ile ya WordPress, inanilazimisha kuweka kazi yangu hadharani. Nifanyeje?

JIBU: Pole mdogo wangu. Hela yako idai tu, ni haki yako kabisa. GPL inampa mtu uhuru wa kutumia, kuchungulia ndani, kubadili na kugawa, haijasema popote fundi asilipwe, na wewe hukumuuzia WordPress, umemuuzia siku ulizokesha ukipanga kurasa na fomu ya kubuku vyumba.

Hadharani pia hulazimishwi. Wageni wanaofungua websaiti hawapewi ile PHP, yaani msimbo unaoendesha websaiti, inabaki kwenye seva (kompyuta inayohifadhi websaiti). Ila ukishamkabidhi mteja themu (faili za muonekano wa websaiti) uliyoandika, hapo umegawa nakala, kwa hiyo naye anapata uhuru uleule, akitaka kumpa fundi mwingine aiendeleze huwezi kumzuia. AGPL, leseni ndugu ya GPL, ndo inabana zaidi, ukiibadilisha programu yake na watu wakaitumia kupitia mtandao inabidi wapewe msimbo.

Kinachonitia wasiwasi ni huo mkataba. WordPress ilianza 2003 ikitokana na programu nyingine iliyoitwa b2, imeandikwa na mikono ya watu wengi sana, sasa wewe unamilikishaje mtu kitu ambacho sio chako? Muombe msaini nyongeza: maandishi, logo na picha za gesti ni zake, WordPress na plagini (programu ndogo za kuiongezea kazi) zinabaki na leseni zake, themu yako unampa kwa GPL. WordPress wenyewe msimamo wao ni kwamba PHP ya themu inafuata GPL, ila picha na CSS (msimbo wa rangi na mpangilio) zinaweza kuwa na leseni nyingine.

Na kama umeweka Bootstrap au jQuery, misimbo ya msaada iliyoandikwa na wengine, hizo zina leseni ya MIT, haina masharti mengi ila yale maneno ya hakimiliki juu ya faili usiyafute, watu wengi wanayafuta wakipunguza saizi. Kabla hujamrudia mteja fungua folda ya kila plagini, soma faili la leseni, andika orodha uiambatanishe na hiyo nyongeza, alafu ndo umkumbushe ile laki nne.